Kwa Crescenzo, Aliyemzeesha Sungura

Jumanne, tarehe 12 Novemba. Asubuhi hii wingu limeukalia mlima Epomeo mpaka usawa wa paa la kanisa, mvua nyepesi imenyesha tangu alfajiri, bahari imechafuka, na meli ya kwanza ya kwenda Pozzuoli, ng'ambo, haikuondoka. Misa yako ilisomwa saa tatu. Watu wa Fontana walipanda na miavuli yao, kanisa likajaa mpaka mlangoni.

Mwaka umetimia leo, Crescenzo, tangu Bwana alipokuita ukiwa umekaa kwenye kiti cha jikoni, koti bado mwilini, ndiyo kwanza umetoka kukata nyasi. Mwaka mzima, na mkeo Restituta bado analala upande wake wa kitanda tu. Upande wako unabaki umetandikwa.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani kwako. Wengine wakiyasoma haya katika karatasi ya parokia, na wasome. Uliyoyafanya hukuwahi kuyaficha.

Tungeweza kuanza na mizabibu yako, au na zile kuta za mawe ulizozipanga bila saruji, ambazo hakuna mvua iliyoziangusha. Tungeweza kutaja miaka ishirini na sita uliyobeba sanamu ya mtakatifu begani, upande wa kushoto, nyuma. Lakini mtu akiuliza leo bandarini, "Crescenzo yupi?" atajibiwa, "Yule aliyemzeesha sungura." Zamani walilisema kwa kicheko. Siku hizi wanalisema kwa heshima, na sisi tukilisikia tunanyoosha migongo.

Kwetu mlimani, sungura ni kama kuku kwa wengine. Kila nyumba ina shimo lake, refu kuliko watu wawili waliopandana mabegani, na sungura wanaishi humo chini na kujichimbia vijia vyao. Jumapili mmoja anatolewa, anaingia chunguni pamoja na nyanya, divai nyeupe na majani ya mlimani. Shimo lako ulilichimba mwaka ule ulipooa. Ulilea mamia. Lakini kama ulivyokuwa ukisema mwenyewe baadaye, hapakuwa na hata mmoja aliyefikisha mwaka. Kisiwani hapa, hakuna aliyewahi kumwona sungura mzee.

Yote yalianza Jumamosi moja ya mwaka 2013. Ulianguka kwenye matuta, mkono kifuani, ukachukuliwa kwa helikopta hadi Napoli kupasuliwa moyo. Asubuhi ile ile ulikuwa umemtoa shimoni sungura mmoja jike, mdogo bado, wa rangi ya majivu na mguu mmoja mweupe, kwa ajili ya chakula cha kesho yake. Alibaki jikoni ndani ya kikapu.

Mkeo alipiga magoti kwenye ukumbi wa hospitali, watu wakimpita huku na huku na vitanda vya magurudumu. Akamwomba somo wake: "Mtakatifu Restituta, wewe uliyetufikia kutoka Afrika kwa mashua isiyo na kasia, niombee kwa Mungu. Crescenzo akirudi nyumbani, yule sungura wa kikapuni hatachinjwa. Ataishi siku zote alizopewa na Mungu."

Ulirudi baada ya siku kumi na tisa, umekonda, unatembea kama mtu anayevuka mto. Sungura alikuwa chini ya meza, anakutazama. Shemeji yako Aniello, kaka yake Restituta, alikuja kukupa pole.

"Shemeji, nasikia dada yangu ameweka nadhiri juu ya kitoweo."

"Ndivyo nilivyokuta."

"Basi mrudishe shimoni. Hukumchinja, nadhiri imetimia, kila mtu kafurahi."

"Akirudi shimoni atazaa kila mwezi mpaka achakae, na mwaka mmoja utammaliza. Hizo siyo siku zote alizopewa na Mungu."

"Kwani Mungu kampa ngapi?"

"Sijui," ulisema. "Hapa nani anajua? Ndiyo nataka kuziona."

Neno hilo hatujalisahau. Wengine hutimiza nadhiri kwa kuacha kutenda jambo. Wewe uliona kwamba kutomchinja ni kazi ya mtu mvivu, na kwamba mkeo aliahidi zaidi ya hapo. Moyo uliopona ulikuwa wako, kwa hiyo kazi nayo ukaifanya kuwa yako. Ukampa sungura jina la Domenica, yaani Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku iliyomkosa, ukamtengea kona karibu na jiko la kuni.

Hatutasema ulianza vizuri. Ulimlea kwa namna uliyoijua, nayo ilikuwa namna ya kunenepesha: mkate mkavu, pumba za ngano, mahindi, na mabaki ya keki ya Pasaka. Mwaka wa pili alikuwa mnene kama mto wa kulalia, nawe ulikuwa ukimwonyesha kwa wageni kwa majivuno. Kisha udenda ukaanza kumtoka. Mkate aliunusa akauacha. Mahindi aliyatazama tu. Aniello alimpapasa kiunoni, akasema, "Kilo tano na nusu. Shemeji, huyu haumwi. Huyu ameiva."

Hukucheka. Ulimweka kwenye kikapu cha malimau, ukamfunika kwa shali ya mkeo, ukateremka bandarini. Melini mama mmoja alikuuliza unakwenda kumuuza bei gani. Ukamjibu kwamba unampeleka kwa daktari. Benchi zima lilicheka kutoka hapa mpaka kisiwa cha Procida.

Dokta Iolanda wa Pozzuoli alikuwa amesomea wanyama wadogo, naye pia hakucheka. Mazungumzo yale ulitusimulia mara nyingi sana, ukiigiza sauti yake na yako, mpaka sisi sote tunayajua kwa moyo.

"Ana umri gani, mzee?"

"Miaka miwili."

"Anakula nini?"

"Anakula vizuri. Mkate, pumba, mahindi. Simnyimi kitu."

"Unamnenepesha kwa karamu ya nani?"

Uso wako uliwaka moto. "Binti yangu, mimi nimelea sungura miaka arobaini na mitatu."

"Kila mmoja ulimlea kwa muda gani?"

"Miezi mitano. Sita, akiwa mzito wa kukua."

"Basi mzee wangu, umelea watoto tu. Huyu ndiye mtu mzima wako wa kwanza."

Alikuonyesha kwa tochi ndogo. Meno ya sungura hayaachi kukua mpaka siku anayokufa, na kinachoyasaga ni nyasi, kutafuna nyasi kutwa kucha. Mkate hausagi kitu. Meno ya nyuma ya Domenica yalikuwa yameota ncha, na ncha zilikuwa zinamkata ulimi. Daktari aliyapunguza, akasema umrudishe baada ya miezi miwili, akipungua uzito, aondolewe kizazi, kwa maana sungura jike asiyezaa hushikwa na uvimbe tumboni kabla ya kuuona uzee.

Mtu mwingine wa miaka sabini, mwenye shimo lake na heshima yake, angekasirika. Wewe ulirudi na meli ya jioni, ukaketi, ukamwambia mkeo, "Nilikuwa sijui, mke wangu. Niandikie."

Kalamu haikuwahi kukupenda, lakini Restituta alikuwa ameanza darasa la jioni pale shuleni mwezi ule ule. Aliandika maneno ya daktari kwa herufi kubwa, akayabandika kwenye mlango wa kabati. Kila asubuhi, baada ya sala, yeye alisoma na wewe ukaitikia, kama litania:

"Nyasi kavu?"

"Rundo kubwa kuliko mwili wake."

"Maji?"

"Ya leo."

"Majani mabichi?"

"Konzi moja, yaliyooshwa."

"Karoti?"

"Kidogo, kama peremende."

"Mkate?"

"Kamwe!"

Ile "kamwe" uliipaza mpaka majirani wakaisikia. Watoto wa njia ile wakipita kwenda shule walikuitikia kutoka nje.

Hivyo ndivyo ulivyobadilika, ukiwa na nywele nyeupe. Ulipanda matuta ya juu, yale yaliyokuwa yameachwa, ukakata nyasi kwa mundu na kuzikausha kivulini ili zisipoteze harufu. Majani ya mizabibu ulimpa ya ule mzabibu mmoja tu ulioota nyuma ya nyumba, kwa sababu ile mingine yote tunaipiga dawa ya buluu, na dawa ile ni sumu kwake. Mwezi wa nane, jua linapochoma mpaka mijusi wanajificha, ulimteremsha kwenye pango la divai lililochongwa kwenye jiwe, ukakaa naye humo penye ubaridi mpaka saa kumi na moja. Kucha ulimkata mwenyewe, ukiwa umevaa miwani ya mkeo. Na kila usiku kabla ya kulala ulihesabu kinyesi chake. Ndiyo, tunaliandika hili katika karatasi ya parokia. Ulisema sungura hulia kwa njia hiyo tu: akiumwa haguni wala hapigi kelele, anajificha kama mtu mwenye aibu, na anayemjua atajua kwa kutazama kona yake.

Daktari alisema pia kwamba sungura hapendi kuishi peke yake. Ukashuka kwa ngazi shimoni, ukamtoa dume mmoja mpole, ukampeleka kuhasiwa. Aniello alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Kwanza amemtoa mfuko wa uzazi, sasa anamletea bwana asiye na kitu. Shemeji, hii ni ndoa gani?"

"Kama yako na dada yangu Filomena. Wanaelewana, hawasemezani."

Aniello mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Yule dume tulimwita Lunedì, Jumatatu, kwa kuwa ndiye afuataye. Waliishi pamoja miaka saba, wakilambana masikio mbele ya jiko. Alipokufa, ulimwacha saa nzima karibu na Domenica ili amnuse na kuelewa. Kisha ukamzika chini ya mzabibu wa nyuma, ukavua kofia.

Wala hatutadanganya kwamba uliacha kula sungura. Shimo lilibaki, Jumapili zilibaki. Ila kabla ya kuchinja ulikuwa ukifunga mlango wa jikoni kwanza, ukisema, "Huyu ni mtu wa nyumbani, si haki aone." Ulimshukuru Mungu kwa chakula na kwa Domenica katika sala moja, na hatukuona kosa ndani yake.

Kuna jambo moja tunalojivunia kuliko mengine. Kila mwaka, mwezi wa tatu, kabla mbu hawajaamka, ulimvusha Domenica akachanjwe. Watu walizoea, wakawa wanakupa salamu za kumpelekea daktari. Kisha ukaja ule mwaka wa ugonjwa wa sungura wa kutokwa damu. Ulianzia upande wa bahari, ukapanda. Kwenye shimo la Aniello walikufa arobaini kwa siku tatu. Jioni ya siku ya tatu alikuja, akaketi kwenye ngazi yako na udongo wa kuzikia mikononi.

"Wako wale wawili?"

"Wazima."

"Ni sindano?"

"Ni sindano."

Alikung'uta udongo viganjani. "Sasa arobaini ningewavushaje, shemeji? Niwakatie tiketi?"

"Milima haikutani, Aniello, lakini daktari ana miguu. Tutamwita."

Na kweli ulimwita. Mwaka uliofuata Dokta Iolanda alivuka na sanduku la barafu, nawe ukamwongoza kutoka nyumba hadi nyumba, ngazi begani, mashimo kumi na moja kwa siku mbili. Waliokuwa wamecheka melini walishika taa. Mpaka leo anakuja kila mwaka, na siku hiyo mlimani petu tunaiita siku ya Crescenzo.

Sasa tukuambie yaliyotokea baada ya kuondoka kwako, maana hujayasikia kwa kinywa chetu.

Unajua desturi. Nyumba ya msiba haiwashi jiko kwa siku tatu. Ndugu na majirani huleta chakula kilichopikwa kwao, mjane huketi, mlango huachwa wazi. Tuliifuata desturi yote, kwa kuwa ulistahili yote. Watu walikuja kutoka Barano, kutoka Serrara, kutoka Forio. Jikoni palijaa viti. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kona ya Domenica iko karibu na jiko, na jiko lilikuwa baridi, na mlango wazi, na ulikuwa mwezi wa Novemba. Viti viliziba rundo lake la nyasi. Wageni, kwa wema wao, walimtupia biskuti za msiba, wakisema, "Maskini, naye amefiwa."

Asubuhi ya tatu Restituta aliinuka kabla ya watu, akasogeza viti, akapiga magoti kusafisha kona. Hapakuwa na kinyesi hata punje moja. Domenica alikuwa amejikunja ukutani, masikio ya baridi, anasaga meno polepole. Alikuwa na miaka kumi na nusu.

Mkeo hakulia. Aliita, "Aniello! Washa jiko."

"Dada, jiko la msiba! Mama yetu atafufuka."

"Akifufuka atakuta pana joto. Washa."

Colomba binti yenu alimpigia simu daktari. Jibu lilikuwa fupi: tumbo limesimama, mtieni joto, mleteni kwa meli ya kwanza, msingoje mchana. Restituta alikuwa ameshachukua shali nyeusi.

"Wewe unakwenda wapi?" Aniello alisimama mlangoni. "Wageni wa Casamicciola wako njiani. Mjane wa siku tatu, mume hajapoa kaburini, anapakata sungura melini! Watu watasema nini?"

"Watasema ninapakata sungura."

"Basi ampeleke Colomba."

"Colomba hakupiga magoti pale hospitalini. Nilipiga mimi. Crescenzo alinifanyia kazi ya nadhiri yangu miaka kumi na moyo wake mbovu. Nikae kwenye kiti nipewe pole, huku kazi yake inakufa ukutani? Nipishe, kaka yangu."

Aniello akampisha.

Alisafiri amemweka kifuani chini ya shali, ngozi kwa manyoya, akisali rozari kwa sauti ya chini. Abiria walimjua. Hakuna aliyecheka safari ile. Mzee mmoja alivua kofia, na baharia akamletea chupa ya maji ya moto ya kumpasha sungura miguu. Kwa daktari walimpa dawa ya maumivu, wakamtia maji chini ya ngozi, wakaanza kumlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Restituta alibaki kule siku mbili, amelala kwenye kiti.

Siku ya pili jioni, Dokta Iolanda alitoka na kitambaa cheupe mkononi. Ndani yake palikuwa na punje moja ya kinyesi, ndogo kama pilipili manga.

"Mama, tumbo limeamka."

Hapo ndipo mkeo alipolia, Crescenzo. Siku ya mazishi yako hakulia. Alilia pale, mbele ya punje ile, akasema "Aleluya" kwa sauti kubwa, na mbwa wa chumba cha pili wote wakabweka.

Basi ujue kwamba Domenica yu hai. Leo ana miaka kumi na moja na nusu. Dokta Iolanda anasema hajawahi kumtibu sungura mwenye umri huu. Jicho moja lina ukungu. Miguu ya nyuma imekakamaa, kwa hiyo tumetandika zulia sakafuni asiteleze, na kisanduku cha kujisaidia tumekipunguza ukingo upande mmoja. Nyasi anakula bado, saa zote, kwa kelele. Meno yake ni mazuri kuliko yetu sote. Wageni wa mjini huja kumwona, na tunawaambia bila haya: huyu amelelewa na mtu ambaye alikuwa hajui, akakubali kufundishwa.

Ila mwaka huu umekuwa na neno lake. Restituta ndiye amekuwa akipanda matuta kukata nyasi, na mwezi wa tisa alianguka. Goti limekwisha. Daktari wa mifupa ametaka kumpasua mara mbili, na mara mbili amekataa, kwa kuwa atalazwa ng'ambo majuma sita, na nani atamtunza Domenica? Colomba ana mbwa wawili wa kuwinda ndani ya nyumba ndogo. Tumemsihi, amekataa. Tumemletea padri, naye Padri Gaudenzio akamwambia kwamba Mungu haombi miguu yake. Akamjibu, "Padri, niliahidi siku zote. Majuma sita nayo ni siku." Goti linazidi kuharibika, na daktari amesema wiki ijayo ndiyo nafasi ya mwisho kabla ya Pasaka.

Leo baada ya Misa yako tuliketi mezani. Dagaa, maharage, divai ya matuta yako, ya mwaka huu, bado inachekacheka glasini. Colomba aliuliza tena, kwa upole, na mama yake akatikisa kichwa tena. Mvua ilisikika kwenye vigae.

Kisha Aniello akasimama. Unamjua, akisimama mezani tunangoja mzaha. Aliiweka glasi chini, akafuta mikono kwenye suruali. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeng'olewa jino.

Tuliokuwa pale, tunaokukumbuka na tulio mashahidi wa aliyoyasema, ni hawa: mkeo Restituta, binti yako Colomba na mumewe Saverio, mwanao Giosuè, aliyekuja na meli ya jana kutoka Genova, wajukuu zako Ersilia na Biagio, dada yako Filomena, mke wa Aniello, Padri Gaudenzio, na Dokta Iolanda, aliyekwama huku kwa sababu ya bahari. Maadamu sisi tunapumua, Crescenzo, jina lako halitatoka katika nyumba hii wala katika sala zetu. Bwana akupe pumziko, na mwanga wa milele ukuangazie.

Na wewe pia usikie, kwa maana alilitaja jina lako kwanza. Alisema hivi:

"Crescenzo, na wewe Padri, na ninyi nyote mnaonitolea macho. Dada yangu ataondoka Jumatatu akapasuliwe goti. Tangu siku hiyo mpaka arudi anatembea, mimi Aniello nitalala katika nyumba hii. Nyasi nitazikata mimi. Kahawa yangu ya asubuhi sitaionja kabla bibi kizee huyu hajala. Akigoma kula, sitangoja mtu aniambie. Nitavuka, bahari itake isitake. Na kama siku yake itafika mikononi mwangu, haitamkuta peke yake. Nitakuwa nimekaa sakafuni, nimemshika, mpaka mwisho. Nimeahidi mbele ya Mungu na mbele yenu."